Mkalimani Aliyekusanya Miaka Mipya

Watu wa kituo chetu walimwogopa Bwana Mkubwa wa Kijerumani, wakawaogopa askari wake, wakakiogopa kiboko kilichoning'inia nyuma ya mlango wa baraza. Mimi nilimwogopa mkalimani. Bwana Mkubwa alikuwa mbali kama radi, lakini mkalimani tulitengana naye kwa ukuta mmoja wa udongo. Nilimsikia akikohoa, akisukutua, akinong'ona dua zake, na kila alipokohoa nilijiuliza ni jambo gani la watu wetu limemkaa kooni leo.

Boma lilikuwa juu ya kilima cha mawe, mwendo wa siku mbili kusini mwa Kondoa. Bondeni chini yake kulikuwa na matembe ya Wagogo, nyumba ndefu za paa bapa la udongo, zimelala ardhini kama ng'ombe waliochoka. Nilizaliwa katika mojawapo. Nilipoolewa na seremala wa Kinyamwezi aliyekuwa akichonga milango ya boma, nilipanda kilimani, nikakaa katika safu ya nyumba za watumishi. Jirani wa kushoto alikuwa yeye, mtu wa pwani, mrefu, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi kama utando. Jina alikuwa nalo, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata paka wake, nadhani, alimjua kwa kazi yake.

Alikuwa mwoga na hakuficha. Aliogopa mbwa, aliogopa vyura, aliogopa kuvuka korongo hata likiwa kavu. Mawingu yakinguruma alijifunika kilemba usoni. Lakini mlango wake hakuufunga hata siku moja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini watu wanakula.

"Nikiufunga, nikiitwa nitachelewa kuufungua. Na kuchelewa kuna hamsa ishirini."

Hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, ilikuwa hesabu ya viboko vya boma. Watu waliitaja kama jina la mtu anayeweza kupita wakati wowote.

Asubuhi alishuka mwenyewe kisimani na mtungi wake, kwa kuwa hakuwa na mke, na wanawake walimngojea kama watu wanavyongojea ngoma.

"Bwana Mkalimani, jana ulitafsiri nini?" mke wa tarishi alikuwa wa kwanza kumchokoza.

"Hasira."

"Ya nani?"

"Ya Bwana Mkubwa kwa mpishi. Supu ilikuwa na unywele."

"Na mpishi alijibuje?"

"Mpishi alijibu kwamba Bwana Mkubwa aache kula kama ndevu zake zinapukutika."

"Mungu wangu! Ukatafsiri?"

"Nilitafsiri kwamba ni mboga ya huku."

Walicheka mpaka mitungi ikagongana. Mwingine akauliza, "Na ukioa, mkeo utasema naye kwa lugha gani?"

"Nitanyamaza kwa lugha yake," alisema, akapanda kilima na maji yakimwagika kwenye kanzu.

Mimi nilicheka pamoja nao, lakini njiani kicheko kilinikauka. Niliwaza: kumbe anaweza kusema lisilosemwa. Leo ni unywele. Kesho je?

Hata hivyo, yeye ndiye aliyenifundisha herufi. Alikuwa akitandaza unga wa uwele kwenye ungo, akiandika kwa kidole, nami nikifuata kwa kidole changu. Nikikosea alitikisa ungo mara moja na kosa likapotea. "Unga hauna kinyongo," alisema. Baada ya somo nilipika ugali wa unga uleule, tukala maneno tuliyoandika. Alipenda sukari kuliko adabu inavyoruhusu mtu mzima. Mfukoni alikuwa na bonge alilolilamba na kulirudisha. Aliswali sala zote tano, na katikati ya sala akisikia mguu wa askari nje alimaliza haraka kama mtu anayekunja mkeka mvua ikija. Hakuwahi kusema "ndiyo" iliyonyooka. Ukimuuliza kama jua limechomoza alijibu, "Inaelekea."

Jambo moja tu lilimwondolea woga, nalo lilikuwa kuuliza watu mwaka wao unaanzaje.

Msafara ukipita, yeye alikuwa chini kabla mizigo haijatuliwa. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafugaji waliokuja na ng'ombe wa kodi, Wahehe waliofungwa kamba shingoni, wote aliwauliza swali lilelile. Mimi mwenyewe nilimsikia akimkamata mfanyabiashara mmoja wa Kirangi, mzee mwenye asali na tumbaku kutoka Kondoa.

"Kwenu mwaka unaanzaje, Bwana?"

"Kwa Muharamu, kama kwenu. Sisi Waislamu."

"Na babu zenu, kabla ya msikiti?"

Mzee aliangalia pembeni kwanza. "Babu zetu walichinja kondoo mweusi mlimani siku za kupanda. Bibi yangu bado ananiuliza kondoo yuko wapi."

"Unamjibuje?"

"Namwambia nimekuletea chumvi."

Mkalimani alifurahi siku tatu kwa jibu hilo.

Kituoni petu, alisema, mwaka ulianza mara tano, na yeye aliisherehekea yote aliyoweza kuifikia, asije akakosea mmoja. Mfanyabiashara wa Kihindi, mwenye duka la nguo na kibiriti chini ya kilima, alikuwa na wake: alipanga visahani vya mafuta vyenye tambi mlangoni na juu ya kaunta, akaviwasha vyote pamoja, duka likang'aa kama limeshika moto. Mkalimani alisimama nje akimsaidia kukinga upepo kwa kanzu. Muharamu aliupokea kwa kufunga, kimya. Kisha kulikuwa na Siku ya Mwaka ya watu wa pwani, ambayo kwao huanza kwa kuoga baharini alfajiri. Hapa bahari hakuna. Kwa hiyo alinunua chumvi ya Kigogo, ile ya kijivu inayokwanguliwa mbugani, akaikoroga ndani ya beseni, akaonja, akaongeza, akaonja tena mpaka akaridhika.

"Ni bahari?" nilimuuliza kupitia ukutani.

"Ni binamu yake," akajibu, na nikasikia maji yakimwagika na meno yake yakigongana kwa baridi.

Mwaka wa nne ulikuwa wa Wajerumani. Huo ulimtia homa. Jioni yake walimwita aende kushika beseni la maji barazani. Waliyeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma, wakaimimina majini, na kile kilichogandia humo wakakigeuza-geuza kwenye taa wakitafuta sura yake, ili wajue mwaka utaleta nini. Bwana Mkubwa akasema ameona meli. Sajini wa Kizungu akasema ameona jeneza, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka. Baadaye wakatoka nje wakapiga bunduki hewani, na bondeni mama zetu wakawafunika watoto kwa ngozi wakidhani vita vimefika.

"Kila mmoja alikuwa anatetemeka, jirani," aliniambia asubuhi yake. "Mimi nilishika beseni, niliona maji. Wenyewe walidhani ni mimi ninayeyatikisa."

Hapo ndipo aliponipa fikra yake, ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Alisema hakuna watu wanaouanza mwaka kwa furaha. Furaha huja baadaye, na chakula. Kwanza watu huogopa. Mtu wa pwani anajiosha kwa kuwa anaogopa kilichomganda mwilini. Mhindi anawasha taa kwa kuwa anaogopa kile kinachokaa penye giza. Mzungu anapiga bunduki mbinguni, na nani hupiga bunduki mahali asipopaogopa? Mwaka mpya, alisema, ni siku ambayo watu wote wanasimama mbele ya mlango uliofungwa, hawajui nani yuko ndani, na wanaanza kuimba ili aliye ndani asijue kwamba wanaogopa.

"Na baba yako?" akauliza. "Yeye anafanya nini?"

Baba yangu alikuwa mpekecha moto wa mtemi wa bonde letu. Huo ndio ulikuwa mwaka wa tano, na ndio pekee ambao mkalimani hakuwa ameuona. Nilijua kwa nini ananiuliza. Nilijua pia kwamba Bwana Mkubwa ana daftari la ngozi anamoandika desturi za watu, na kwamba yanayosemwa kwa mkalimani jioni hulala humo asubuhi. Sikujua, na sikuweza kujua, kama mtu huyu aliikusanya miaka kwa ajili ya roho yake au kwa ajili ya daftari. Nadhani naye hakujua.

Lakini nilikuwa bado mdogo, na alikuwa amenipa herufi. Nikamwambia. Mawingu yakipanda upande wa mashariki na mtemi akiona ishara zake, matembe yote huzima moto siku moja. Majivu ya mwaka mzima huzolewa na kutupwa kuelekea machweo, pamoja na magonjwa na maneno mabaya. Nchi inakaa bila moto. Halafu baba anapekecha vijiti viwili, moto mpya unazaliwa, na vijana wanaukimbiza kwa mienge kila nyumba. Maji ya majani yaliyopondwa yananyunyiziwa mbegu na ng'ombe. Ndipo watu wanapanda.

Alikuwa ameshika ungo. Hakuutikisa.

"Na kama moto hauwaki?" akauliza.

"Unawaka siku zote."

"Inaelekea. Lakini kama hauwaki?"

Nikamwambia sijui. Nikamuuliza, "Utamwambia Bwana Mkubwa?"

"Hajaniuliza," alisema. Nilikaa siku nyingi nikilipima jibu hilo kama mtu anayepima tawi kabla ya kulikanyaga.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Kusini kulikuwa na vita. Habari zilikuja na wapagazi kwamba watu huko wamepewa maji ya dawa na kuinuka juu ya Wajerumani, na kwamba vijiji vimechomwa. Bwana Mkubwa alikataza mikusanyiko. Alikataza dawa. Askari waliobeba bunduki sasa waliibeba hata wakienda chooni. Ile kubwa, bombomu, inayotema risasi bila kupumzika, iliwekwa juu ya ukuta ikiangalia bondeni, yaani ikimwangalia mama yangu.

Mawingu yalikuja siku ya mwisho ya mwaka wa Kizungu. Mtemi hakujua kalenda ya mtu. Aliona ishara akatuma neno.

Mchana mlinzi wa juu ya ukuta akapiga kelele. Tulitoka nje. Kila siku bonde letu lilikuwa na moshi, nyuzi nyembamba mia na zaidi zikipanda kutoka kwenye matembe. Siku hiyo hapakuwa na hata mmoja. Nchi nzima ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Mimi nilijua ni nini, na bado niliogopa, kwa sababu niliona ilivyoonekana kutoka hapa juu. Ilionekana kama watu wanaojificha.

Tarumbeta ililia. Lango likafungwa. Askari kumi wakashuka mbio, na jua lilipoinama wakarudi wakimvuta baba yangu kwa kamba. Mikononi mwa mmoja wao kulikuwa na vijiti viwili na kibuyu cha maji.

Kibuyu cha maji. Niliona macho ya Bwana Mkubwa yakikitazama, na nikajua kwamba baba amekwisha.

Walimsimamisha mbele ya baraza. Mti wa kunyongea ulikuwa palepale, ulikuwa umechongwa na mume wangu. Bwana Mkubwa alijua Kiswahili cha kuvunjika-vunjika, lakini Kigogo hakujua hata neno. Askari wote walikuwa watu wa mbali. Kigogo, pale uwanjani, tulikijua watatu: baba, mkalimani, na mimi niliyesimama kati ya wanawake nimejiziba mdomo kwa kaniki.

"Uliza yeye: moto wapi?" alisema Bwana Mkubwa.

Mkalimani akauliza. Baba akajibu kwa sauti ya mtu anayesema na shamba lake:

"Mwaka umekufa. Tunautoa nje. Kila kilichokuja na kuitia nchi hii ugonjwa, na kiondoke na majivu. Na hawa waondoke nayo, kama ni katika hivyo."

Mikono ya mkalimani ilikuwa nyuma, kidole kimoja kikikamata kingine. Niliwaza, akisema kweli, baba atanyongwa leo. Akisema uongo na akajulikana, watanyongwa wawili.

"Anasema, Bwana Mkubwa," mkalimani akaanza, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, "wamesikia kwamba kesho ni mwaka wa Wajerumani. Wamezima moto wao wa zamani kwa heshima, ili waanze mwaka pamoja na Bwana Mkubwa. Wanakungoja uwape moto."

"Na maji?"

"Ya kunawa. Kwetu pwani pia tunaoga siku ya mwaka."

"Anywe."

Baba akanywa. Bwana Mkubwa akanyoosha kidole. "Wewe pia."

Mkalimani akanywa, maji yakamtiririka kidevuni. Tulisubiri afe. Hakufa. Akapiga chafya.

Ndipo Bwana Mkubwa akacheka. Sijui kama nilitaka acheke. Uso wake ulilainika, ukawa uso wa mtu aliyeletewa zawadi kutoka nyumbani. Akaagiza daftari, akaandika amesimama. Kisha akatoa kibiriti mfukoni, akawasha mwenge kwa njiti moja, akampa baba mkononi na kumpiga bega. "Moto ya mwaka," alisema. "Peleka kwa watu wote."

Askari walimsindikiza. Mwenge ule ulipita tembe kwa tembe, na mkono uliokataa uliona bunduki. Vijiti vya baba vilibaki barazani. Bwana Mkubwa alivitaka vya kutundika ukutani. Jioni moshi ulikuwa umerudi bondeni kote, na kila uzi wake ulitoka katika kibiriti cha dukani.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha, nzuri, ndefu, ya kupandia. Hilo ndilo lililomuumiza baba kuliko kamba. Kama ukame ungekuja angekuwa na la kusema. Mama yangu alipata mjukuu mwezi huo, na watu wakamwita Kibiriti kwa utani. Baba hakucheka. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameketi ameupa moto mgongo.

"Yule mtu wenu," alisema, "ameokoa shingo yangu, akachukua mwaka wangu."

"Baba, ungekufa."

"Ningekufa mimi. Angekuja mwingine kupekecha."

Kilimani, mkalimani hakunitazama usoni kwa mwezi mzima. Kisha jioni moja sauti yake ikapita ukutani.

"Jirani. Siku ile ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Hata mimi sikusema kitu."

Tangu hapo tuliogopana sawasawa. Niliweza kumuua kwa neno moja, naye angeweza kuniua, na kila mmoja alimpelekea mwenzake ugali ukiwa wa moto. Hakuuliza tena mtu yeyote habari za mwaka. Wapagazi walipita naye akakaa ndani. Mara moja mume wangu alimchokoza, "Bwana, siku hizi umeshiba miaka?" naye akasema, "Nimekula mmoja vibaya."

Kwa maana uongo haukuishia pale. Bwana Mkubwa aliugeuza amri. Kila mwaka, siku ya mwisho ya kalenda yake, ngoma ilipigwa kilimani na bonde lililazimika kuzima. Wageni wa Kizungu waliletewa viti juu ya ukuta waone moshi unavyopotea. Miaka mingine mvua ilikuwa imekwisha kuja zamani, uwele uko magotini, na kuzima moto wakati huo kwa watu wetu ni kama kumnyima mtoto ziwa. Ilibidi. Kibiriti kikawashwa, baba akapewa mwenge, akatembea. Mkalimani alisimama nyuma ya viti na kutafsiri vigelegele vilivyoamriwa.

Bwana Mkubwa huyo hatimaye alirudi kwao. Reli ikafika Dodoma, na mume wangu akaitwa kwenda kutengeneza milango ya stesheni. Tulihama. Nilimwacha mkalimani bila kuagana vizuri, na nikiri, nilishusha pumzi.

Alinijia Dodoma miaka miwili baadaye, mchana, akitembea kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika. Nilimwamkia, "Shikamoo," nikamletea kigoda. Akaitikia, lakini hakukaa.

"Siwezi kukaa, binti. Juzijuzi nimepata zile zangu."

"Hamsa ishirini? Kwa kosa gani?"

Alitazama barabarani kwanza. Bwana Mkubwa mpya, alisema, alifika na kitabu kilichopigwa chapa Ulaya. Ni lile daftari. Ndani yake kulikuwa na picha ya baba yangu ameshika mwenge, na maneno kwamba watu wa bonde hili huzima moto kila mwaka kwa kuwaheshimu Wajerumani. Huyo mpya alikuwa msomaji. Alimsomea ukurasa mzima, kisha akauliza: hii ni kweli?

"Jibu nilikuwa nalo, lile la siku zote," alisema. "Likatoka jingine."

"Ulisemaje?"

"Nilisema hapana. Ilikuwa 'hapana' yangu ya kwanza. Sikujua inaacha ladha gani mdomoni."

"Kwa nini sasa? Kwa nini si miaka yote ile?"

"Neno la mdomoni lingekufa nami, nikalivumilia. Lile limechapwa. Watu wasionijua watawajua ninyi kwa woga wangu."

Akachapwa, akafukuzwa kazi, na amri ya kuzima ikafutwa. Nilianza kusema alhamdulillahi, naye akainua mkono.

"Ngoja. Nilimwambia kwamba watu watauzima moto tena, siku yao wenyewe, siku isiyojulikana, na kwamba si vita. Akaniambia: wewe umekiri kwamba ni mwongo. Bombomu imebaki ukutani, binti. Na mawingu nimeyaona njiani."

Tuliondoka siku hiyohiyo, tukatembea kuelekea kaskazini, yeye akilala kifudifudi kila tulipopumzika. Siku ya tatu, saa nne hivi, tulifika ukingo wa bonde, na moshi haukuwepo. Tulikuwa tumechelewa. Juu kilimani tarumbeta ililia, na nikaona watu wadogo wakikimbia juu ya ukuta.

Tulimkuta baba ndani ya tembe, amepiga magoti juu ya vijiti vipya. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha. Vijana wenye mienge walikuwa nje wakingoja, kimya, na wanawake wameketi juu ya majivu yao wakiwa na mbegu mapajani. Hakuna aliyenifukuza. Baba aliinua macho, akamwona nani amesimama nyuma yangu.

"Umekuja kusema nini?" alimuuliza.

Mkalimani alifungua mdomo. Nilimjua mtu huyu kwa lugha tano, na hakuna hata moja iliyomjia. Akatikisa kichwa tu.

"Vizuri," baba akasema. "Shika ubao usicheze."

Akashika. Baba akapekecha kijiti kati ya viganja, chini, juu, chini tena, jasho likimdondoka puani. Harufu ya mti unaoungua ikaja, ikapotea. Akaanza upya. Tarumbeta ikalia mara ya pili, na sasa tulisikia lango likifunguliwa na viatu vikishuka kwenye mawe. Nilikuwa nahesabu, sijui nahesabu nini. Unga mweusi ukajikusanya kwenye tundu la ubao, na ndani yake kukawa na nukta nyekundu, ndogo kama jicho la njiwa. Baba akaimimina kwenye nyasi kavu, akazileta mdomoni apulize, akakohoa. Akajaribu tena, akakohoa tena, mpaka machozi yakamtoka.

"Pumzi imeniisha," alisema, akamnyooshea mwenzake nyasi. "Puliza wewe."

Mkalimani alizipokea kwa mikono miwili. Akapuliza, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nyasi zikanung'unika, zikafuka. Vijana wakaja na mienge yao, na moshi ukajaa ndani ya tembe, mzito, wa chini kwa chini, haukutaka kupanda. Nje viatu vilikuwa vimefika kwenye miiba ya zizi. Nikavua kaniki yangu ya juu, baba akavua ngozi yake, mkalimani akavua kilemba, na sote watatu tukaanza kuupepea moshi kuelekea mlangoni, kwa nguvu zetu zote, utoke nje, upande, uonekane kilimani.